Kufundishwa na Anayekuamkia

Mtu akitaja neno semina mbele yangu, hadi leo sura yangu hubadilika, na mke wangu huwaonya wageni mapema. Si chai iliyonikera, maana chai ilikuwa ya maziwa na sambusa zilikuwa na nyama ya kweli. Kilichonikera ni kwamba semina ile iliandaliwa kwa ajili yetu sisi wazee, ili tusiachwe nyuma, na walioiandaa hawakukaa chini hata mara moja wakajiuliza mzee wa Songea hufundishwaje.

Nilikuwa karani wa mizani katika kampuni kubwa iliyonunua mahindi na kuuza mbolea, yenye matawi karibu kila mkoa na makao makuu Dar es Salaam. Nilianza kazi hiyo nikiwa kijana, kampuni ikiwa ya serikali, na mvi ziliniotea pale pale kwenye mizani. Kisha ikaja miaka ya soko huria. Mashirika yakawa yanauzwa moja baada ya jingine, na zamu yetu ikafika. Mwekezaji akaja, akapaka maghala rangi ya bluu, akatupa makoti mapya yenye nembo mgongoni, akabadilisha meneja. Halafu zikaletwa kompyuta.

Tuliambiwa hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya umri. Kila mfanyakazi ataendelezwa. Walilipenda sana neno hilo, kuendelezwa. Tungepewa mafunzo, mwisho wake tungepimwa, na mzee atakayeshindwa kuingiza mzigo wa mahindi kwenye kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho, peke yake, angepumzishwa. Kupumzishwa, kana kwamba kuna siku nilikwenda ofisini kulalamika kuwa nimechoka.

Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu ya kazi. Nilitaka kustaafu, sikutaka kustaafishwa. Asiyejua mtaa wetu ataona ni jambo lile lile. Kule Bombambili, mtu aliyestaafu hupita barabarani na watu humuuliza shamba linaendeleaje. Aliyepunguzwa kazini watu humwitikia salamu, akishapita wanaulizana alifanya nini. Nilishawaona wenzangu wa mashirika mengine wakiulizwa hivyo, watu waliofanya kazi yao vizuri maisha yao yote. Niliapa mimi sitaulizwa. Mke wangu akaniambia kama ni hivyo basi niende nikajifunze, na ukali wangu niuache nyumbani.

Ukali niliuacha mlangoni, lakini haukukaa huko siku nzima. Mkufunzi alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, amevaa tai na shati jepesi katika baridi ya mwezi wa sita, midomo imempauka. Tulikusanyika katika bwalo la chakula. Kitu cha kwanza alichotuamuru ni kusimama, kupiga makofi kwa mtindo aliouonyesha, na kila mmoja kutaja mnyama anayefanana naye. Mtunza ghala, rafiki yangu wa siku nyingi, alisema kobe. Dereva mmoja akasema simba, watu wakacheka. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi ni mtu. Mkufunzi akasema ni mfano tu. Nikamwambia hata kwa mfano mimi ni mtu.

Baadaye tukagawiwa vipande vya karatasi za rangi. Kwenye za njano tuandike matarajio yetu, kwenye za waridi tuandike hofu zetu, kisha tuzibandike ukutani. Mimi kwenye hofu niliandika: kupotezewa muda. Alikisoma kipande changu kwa sauti, akacheka, akasema huyu mwenzetu ana utani. Sikuwa na utani wowote.

Kompyuta zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo alitupanga wawili wawili, mzee mmoja na kijana mmoja. Kampuni ilikuwa imeajiri vijana kadhaa mwaka ule, wote waliwahi kugusa kompyuta shuleni au chuoni. Mkufunzi alisema kijana atamvuta mzee. Ukisikia hivyo unaona ni busara, na mimi mwenyewe nilipoyasikia niliona ni busara.

Nilipangwa na binti mmoja kutoka Mbinga, Mmatengo, aliyesomeshwa na masista, na malezi yake yalionekana hata kwa mtu aliye mbali. Kila asubuhi alipiga goti kidogo na kuniamkia, "Shikamoo baba," akasubiri hadi nimwitikie ndipo akae. Kiti kizuri aliniachia mimi, yeye akakalia benchi. Chai ikija alinichukulia. Nilimpenda kama wanangu, na nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu kwamba dunia bado ina watoto waliolelewa.

Tatizo lilianza tulipowasha mashine. Mkufunzi alikuwa akieleza kwenye ubao, kisha anasema tufanye. Nilikuwa nikinyoosha mkono kushika ile mausi, kile kipanya cha kompyuta, na kabla sijaifikia mkono wa binti ulikuwa umeshaishika. "Acha nikusaidie, baba." Mishale ikakimbia, madirisha yakafunguka na kufungwa, na kazi ikawa imekwisha. Mkufunzi akipita anaona kwenye kioo kazi imekamilika, anatusifu wote wawili, anaendelea na meza nyingine. Kwenye meza nyingine mambo yalikuwa hayo hayo. Mtunza ghala wangu aliketi mikono imelala mapajani, kijana wake anabonyeza, na yeye anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa hesabu ya harusi.

Siwalaumu vijana wale, maana najua walikotoka. Mtoto akimwona mzee ana kazi mkononi anaichukua. Hangoji kuombwa, na akingoja kuombwa, nyumbani kwao watasemwa. Mzee akikosea, mtoto hasemi mzee amekosea. Atanyamaza, au atapita kando arekebishe bila kuonekana. Wote tulikua hivyo na tukawakuza hivyo. Lakini kujifunza ni kukosea mbele ya mtu anayeweza kukuambia umekosea. Mimi mizani nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na kipande cha rula, na nikisoma vibaya kilitua kwenye vidole. Sikuwahi kusoma vibaya mara ya tatu. Sasa huyu binti angewezaje kunipiga vidole?

Na si vijana tu. Mkufunzi alikuwa na mazoea ya kuuliza, kila baada ya somo, "Tumeelewana?" Sisi wazee wote tulijibu kwa pamoja kwamba tumeelewana. Nani angesema hajaelewa mbele ya watoto wanaomwamkia? Hata mimi nilijibu, na nilikuwa sijaelewa hata namna ya kuizima ile mashine. Na vijana walionyoosha mikono kuuliza maswali siku ya kwanza waliacha siku ya pili, kwa sababu kuuliza swali ilikuwa kama kuwaambia watu kwamba mzee aliye pembeni yangu hajui. Bwalo likawa kimya. Mkufunzi alifurahi, akamwambia meneja nikisikia kwamba kundi la Songea ni kundi sikivu kuliko yote aliyofundisha.

Siku ya nne nikaamua kuvunja ukimya walau kwenye meza yetu. Nikamwambia binti leo asiguse kitu. Nitafanya mwenyewe, nikikosea aniambie nimekosea. Akasema sawa, baba. Nikaanza kuandika uzito wa mzigo, kidole kimoja kimoja, na nikaandika mahali pasipostahili. Nilijua kuna kitu hakijakaa sawa kwa sababu binti alianza kuvuta mkono wa sweta yake. Nikangoja.

"Nimekosea?" nikamuuliza.

"Hapana, baba. Umepatia, ila mashine haijaelewa."

Nilitamani kulia na nilitamani kucheka, nikaishia kugonga meza. Binti akashtuka, macho yakamjaa machozi, na mikono yake ikarudi kwenye mashine ikarekebisha kila kitu. Toka hapo aliniogopa, na aliponiogopa ndipo alipozidi kunifanyia.

Wakati wa chai nikamfuata mkufunzi. Nilimweleza taratibu kabisa kwamba sisi wazee hatujifunzi, tunafanyiwa. Alinisikiliza akitafuna, akasema hilo ni suala la mawasiliano ndani ya timu, na kwamba keshokutwa kuna somo zima la mawasiliano. Somo hilo lilikuja. Tulirushiana mpira wa matambara tukiwa tumesimama duara.

Bahati iliniangukia siku binti alipopata malaria. Kijana mmoja wa uhasibu, Mbena kutoka Njombe, akatumwa akae nami kwa siku ile. Alivuta benchi, akaniangalia toka kiatuni hadi kofiani. Hakuniamkia.

"Kamwene, Mngoni," akasema, salamu ya kwao ya kumpa mtu yeyote. "Nasikia umepewa mtoto wa watu akufanyie kazi."

Sasa hapa lazima nieleze kwa msomaji aliyekulia mbali. Wabena na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana, wakachukuliana ng'ombe na wanawake, na vita vilipokwisha tukabaki na haki ya kusemana bila mtu kukasirika. Mtani anaweza kukuambia lolote popote, hata msibani, na ukikasirika aibu ni yako. Umri hauhesabiwi. Mtoto wa kitani anaweza kumwambia mzee jambo ambalo mwanawe wa kumzaa hawezi kulisema hata akiwa amelewa.

Yule kijana alinisema asubuhi nzima. Nilipoiegemea ile mausi kwa nguvu alisema Mngoni amemwona panya, kapagawa, anadhani ni wa kubanika. Nilipobonyeza pasipostahili alinipiga kwenye kidole, akaniambia babu yangu alishindwa kuwamaliza Wabena, mimi nitaiweza mashine? Nilipofunga kila kitu bila kuhifadhi akasimama akawatangazia wa meza ya jirani kwamba Mngoni ametupa mahindi ya watu mtoni. Nami nikamjibu kwamba mtu aliyelelewa kwa viazi hana mamlaka juu ya mahindi. Tulicheka sana. Na katikati ya kicheko kile nilijua nilipokosea, kila mara, papo hapo, kwa maneno ambayo mtu hayasahau. Mchana nilikuwa naweza kufungua ukurasa, kuandika uzito, kutoa uzito wa unyevu, kuhifadhi na kuchapisha. Sikusaidiwa hata kitufe kimoja. Nilikuwa sijawahi kujisikia vile tangu nilipokabidhiwa mizani.

Nikaona dawa imepatikana. Nusu ya wazee wa semina walikuwa Wangoni, na miongoni mwa vijana walikuwamo Wabena na Wahehe, na wazee wengine nao hawakosi watani. Ni suala la kuhamisha viti tu. Kesho yake asubuhi nikaingia ofisini kwa meneja, mkufunzi akiwamo, na mtu wa mwekezaji amekaa pembeni na kahawa yake. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nakumbuka, kwa sababu nililifikiria jambo lile usiku kucha. Nikasema kijana anayekuheshimu hawezi kukufundisha, lakini mtani anaweza, basi tupangeni kwa utani.

Meneja alitazama upande wa yule mgeni kwanza, kisha mimi. Akasema kwa sauti ya kunitahadharisha, "Mzee, hapa kazini hatutaki mambo ya ukabila."

Nilidhani sikusikia. Meneja yule alikuwa Mtanzania mwenzangu. Alijua utani ni nini, alijua umeunganisha makabila kuliko hotuba nyingi, na ninaamini yeye mwenyewe alikuwa na watani wake waliomnyang'anya kofia kwenye misiba. Lakini angemwelezaje mgeni wake kwa Kiingereza kwamba mfanyakazi anaomba apangwe na mtu wa kumtukana kwa sababu ya kabila lake? Aliona ni afadhali nisieleweke mimi. Mkufunzi alitikisa kichwa akasema utaratibu wa makundi umeandaliwa na wataalamu. Mchana likatoka agizo kwamba kila mtu arudi kwa mwenzake wa mwanzo.

Binti alipona, akarudi, akaniamkia, akanipisha kiti kizuri. Mbele ya mkufunzi nilikaa nikimwangalia akifanya, na saa ya chakula, wenzetu wakienda kula, mimi na mtani wangu tulibaki bwaloni tukipigana na mashine. Alikuwa anakula ugali wake huku ananitukana. Siku ya kupimwa ilipokaribia nilikuwa najiamini. Nilikuwa mwepesi kama mzee anavyoweza kuwa mwepesi, na nilimwambia mke wangu kwamba miaka yangu mitatu naiona hii hapa.

Rafiki yangu mtunza ghala hakuwa na mtani wa saa ya chakula. Nilimwita aje akae nasi, akasema kijana wake atajisikia vibaya akimwona kwa mwalimu mwingine.

Tulipimwa kwa mafungu, wazee na vijana pamoja, kila mtu kwenye mashine yake. Mkufunzi alitembea katikati ya meza mikono imefungwa nyuma. Binti alipewa mashine ya kushoto kwangu. Karatasi ilieleza mzigo wa mahindi ulioletwa na mkulima, magunia na uzito wake, na tulitakiwa kuuingiza, kukata unyevu, kuhifadhi na kuchapisha stakabadhi. Niliposoma swali moyo ulitulia. Ilikuwa kazi yangu ya kila siku, imehamishiwa tu mahali pengine.

Nikafanya. Binti alimaliza mapema akakunja mikono. Mimi niliendelea na mwendo wangu, nikakata unyevu, nikafika kwenye kuhifadhi, na hapo nikasimama. Sikuwa nimekwama. Karani wa mizani haandiki mpaka atazame mara ya pili, na nilikuwa natazama mara ya pili. Kidole changu kilikuwa hewani juu ya kitufe chenyewe. Macho yangu yalikuwa kwenye tarakimu, nazisoma moja moja toka juu.

Mkono wa binti ukapita mbele yangu ukabonyeza.

Alifanya upesi na kwa upole, kama mtu anavyomwondolea mzee unyoya kwenye koti. Nafikiri hata yeye hakujua amefanya. Aliona mzee amesimama na kazi mkononi, na mkono wake ukaenda wenyewe. Nilipogeuka kumtazama, mkufunzi alikuwa nyuma yetu.

Hakufoka. Aliandika kitu, akaniomba nisimame nikapumzike nje. Nikamwambia nilikuwa najua. Akasema anaelewa. Nikamwambia anipe mzigo mwingine, hapo hapo, mbele ya watu wote, niuingize peke yangu. Akasema muda wa kila fungu umepangwa na fungu linalofuata linangoja. Nikamwambia aulize vijana, aulize Mbena wa uhasibu, atamwambia. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, na nadhani niliyasema na mengine ambayo mke wangu alikuwa ameniomba niyaache nyumbani. Mtu mzima aliyepiga kelele kwenye mtihani hawezi kuaminika tena kwa lolote. Nikatoka.

Kwa meneja nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alisema atazungumza na mkufunzi. Mara ya pili mkufunzi alikuwa amekwishapanda basi kwenda kuendeleza wazee wa Mbeya. Meneja akaniuliza swali moja ambalo bado linanichoma: kama nilikuwa najua, kwa nini nilisaidiwa? Nikamjibu kwamba nilisaidiwa kwa sababu mimi ni mzee. Akasema basi ndiyo hiyo hoja ya mwekezaji.

Binti naye alikwenda kunitetea, bila kuniambia. Nilisikia baadaye. Alipiga goti mbele ya meneja akasema kosa ni lake, baba alikuwa hajashindwa. Meneja akamwinua, akamwambia amekwishasifiwa kwenye ripoti kwa moyo wa kushirikiana na wenzake, asiwe na wasiwasi wowote. Nilipolisikia hilo nilikaa chini kwenye ngazi za ghala. Mtani wangu alipita, akasimama, na nikangoja anitupie neno. Akasema, "Pole, mzee." Hakuwahi kuniita mzee kabla ya hapo, na ndipo nilipojua kweli nimeondoka.

Tulipumzishwa pamoja, mimi na mtunza ghala na wengine. Tulikula pilau, tukapewa mkono wa kwaheri na picha ya pamoja. Wiki ile ile nilipita dukani mtaa wa Mfaranyaki kununua sabuni. Mama mwenye duka aliniitikia vizuri, na nilipokuwa nimefika barabarani nikasikia mtu ndani akimuuliza, "Huyu naye alifanya nini?" Sikurudi kujibu. Ningeanzia wapi?

Jumapili moja baada ya misa, nikiwa sebuleni na gazeti la zamani, mke wangu akaniambia kuna wageni. Alikuwa binti, na baba yake na mama yake, wametoka Mbinga kwa basi la asubuhi, wana jogoo na unga katika mfuko wa salfeti, ule wa mbolea. Baba alikuwa mdogo kwangu kwa miaka. Aliniamkia, akanipa mkono kwa mikono miwili, tukakaa. Tuliongea habari za kahawa na barabara mpaka zikaisha. Kisha akakohoa.

Alisema mtoto wao halali vizuri. Anasema amemkosea mzee na mzee amepoteza kazi kwa ajili yake. Wao wamemuuliza amefanya nini, anaeleza, lakini wao kosa hawalioni. Kwa hiyo wamemleta. "Kaka, tuambie wewe kosa lake," akasema, "tumrudi hapa hapa mbele yako, mambo yaishe."

Nilikuwa na hasira ya miezi. Nilikuwa nimeiandaa, nimeipanga, nilijua maneno yake yote, na sasa nimeletewa mtu wa kumwambia. Nikamtazama binti aliyekaa kwenye mkeka ameinamisha kichwa. Nikasema alinisaidia. Baba yake akangoja niendelee. Nikasema alinisaidia wakati sikutaka, alinisaidia kabla sijashindwa, na hakuwahi kuniambia nimekosea. Nilipoyasikia mwenyewe yalisikika kama mzee anayemshitaki mtoto kwa kumpisha njia.

Mama yake akasema polepole, "Kwa hiyo tumfundishe asimsaidie mzee?"

"Ndiyo," nikasema.

Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama chini. Halafu mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa muda wote huo, mke wangu ambaye alilia nami siku niliporudisha koti la kampuni, akasema kwamba hilo hakuna mzazi atakayelifundisha, na kwamba hata wetu hatujawafundisha. Niliwaambia binti hana kosa, warudi nyumbani kwa amani. Baba yake akashukuru sana, lakini alionekana kama mtu aliyefanya safari ndefu na asikute alichofuata.

Chakula kikaletwa, ugali na maharage na yule jogoo. Binti aliinuka kabla ya wanangu, akachukua jagi la maji na beseni, akaja kwangu kwanza, akapiga magoti. Nikamwambia aweke chini, nitanawa mwenyewe. Nikashika jagi. Naye hakuliachia. Tulilishika wote wawili, maji yakitikisika, na watu wote pale wakitutazama. Alikuwa ameinua uso, na machoni mwake niliona hajui kabisa ninachomtaka.

Nikaliachia, nikanyoosha mikono, akaninawisha.